Tulimtenga mtu, genge likabaki

Nilikuwa askari magereza kwa miaka kumi na moja, na sita kati ya hiyo niliitumikia kwenye bloku ya kutengwa. Watu wakisikia hivyo hudhani kazi yangu ilikuwa rungu na funguo. Kazi yangu kubwa ilikuwa fomu. Ukurasa mmoja: juu jina na namba ya mfungwa, chini yake nafasi tatu za kuandika ushahidi kwamba huyu ni mtu wa genge. Zikijaa zote tatu, fomu inapanda kwa mkuu wa gereza, inarudi na muhuri, na mtu anahamishwa usiku huohuo akiwa na godoro lake begani.

Kuna kijana mmoja ambaye fomu yake niliijaza mimi. Nitamwita wa seli ya nane, kwa kuwa ndiyo seli aliyopewa. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Nafasi ya kwanza niliandika kwamba alisalimiana kwa ishara ya genge uwanjani. Ya pili, kwamba alipokea kipande cha sabuni kutoka kwa mtu anayejulikana. Ya tatu ilitokana na maneno ya mfungwa mwingine ambaye jina lake halikuandikwa, na mimi sikuuliza amejuaje. Kijana hakuwa amempiga mtu. Hakukutwa na kisu wala simu. Nilitia sahihi, nikaenda kunywa chai.

Hiyo sabuni ndiyo inayonirudia mpaka leo. Mtu anayekupa sabuni siku yako ya kwanza gerezani amekupa na jibu la swali ulilokuwa nalo tangu uteremke kwenye karandinga: nitalala karibu na nani, na nani atasimama upande wangu mambo yakiharibika? Askari hawezi kulijibu swali hilo. Usiku tulikuwa wawili kwa watu mia moja na themanini. Mfungwa anajua kuhesabu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaozungumzia magenge ya magereza kama ugonjwa unaoingia na watu wabaya kutoka mitaani. Wengine huingia nayo, ni kweli. Lakini mengi huzaliwa ndani, na huzaliwa kwa sababu. Gereza dogo linaweza kwenda kwa sifa ya mtu: asiyelipa deni lake anajulikana kufikia jioni, na hakopeshwi tena. Gereza la watu elfu tatu haliwezi kwenda hivyo. Wageni wanaingia kila wiki, wengine wanahamishwa, sura hazikaririki. Watu wanaacha kuuliza "huyu ni mtu wa namna gani?" na wanauliza "huyu ni wa nani?" Genge linajibu. Mtu wake akikopa tumbaku asilipe, genge linalipa au linamwadhibu lenyewe. Linaweka bei, linaamua ugomvi, linampokea mgeni, linamzika aliyekufa. Linatoza kodi pia, na kodi yake inaumiza. Mahali ambapo dola imeweka ukuta na geti tu, genge ndilo linaloweka sheria.

Texas, huko Marekani, walilijua hili kwa damu. Kwa miaka mingi magereza yao yaliendeshwa kwa mikono ya wafungwa waliopewa madaraka na askari. Kwa lugha yetu ni wanyapara, ila wale walikuwa na silaha na ruhusa ya kupiga. Mwaka 1972 mfungwa aitwaye David Ruiz aliandika malalamiko yake kwa mkono akayapeleka mahakamani. Mwaka 1980 Jaji William Wayne Justice akaamua kwamba hali ndani ya magereza yale ilivunja katiba, na wanyapara wakaondolewa. Ulikuwa uamuzi wa haki, na ningeutetea mbele ya yeyote. Lakini mamlaka ya nyapara yalipoondoka, askari hawakuwa wengi wala hawakuwa tayari kuyashika, na magenge yakayaokota. Katika miaka miwili tu, 1984 na 1985, wafungwa 52 waliuawa na wenzao. Septemba 1985 wakuu wa magereza wakachukua kila aliyejulikana kuwa mwanagenge wakamfungia kwenye seli ya peke yake. Mauaji yakashuka sana.

Sipendi wanaharakati wanavyoipita sehemu hiyo haraka. Nimewahi kubeba mtu aliyechomwa kwa mswaki ulionolewa, na nilipomlaza kwenye machela damu yake ilikuwa imeingia hadi ndani ya viatu vyangu. Siku kama ile, ukiniambia kuna mlango ninaoweza kumfungia aliyefanya hivyo, nitaufunga kwa mikono miwili. Kumtenga anayeua ni wajibu. Wafungwa wenyewe, wale wanaotaka tu kumaliza kifungo chao wakiwa hai, wanakuomba kwa macho ufanye hivyo.

Lililoharibika ni lililofuata. Dawa ya dharura iligeuzwa chakula cha kila siku. Kosa la mtu likaacha kutazamwa, akatazamwa yeye ni wa nani, maana ni rahisi zaidi kujaza fomu ya watu mia kuliko kupeleleza tukio moja.

California ndiko jambo hili lilikofikishwa mwisho wake. Gereza la Pelican Bay lilifunguliwa mwaka 1989, kaskazini kabisa mwa jimbo, mbali na miji walikotoka wafungwa wengi. Ndani yake kulikuwa na kitengo cha kutengwa chenye seli 1,056, zisizo na madirisha, nane nane kwa kila kundi, na milango ya chuma yenye matundu madogo. Zaidi ya saa ishirini na mbili ndani kila siku, kisha muda mfupi kwenye uwanja wa zege wenye kuta ndefu, peke yako, ukitazama kipande cha mbingu. Aliyethibitishwa kuwa mwanagenge alipelekwa huko bila tarehe ya kutoka. Ushahidi uliohitajika ulikuwa vipengele vitatu, na kati yake kungeweza kuwa na mchoro, barua, au jina kwenye daftari la mtu mwingine. Hali yake ya genge ilipitiwa upya baada ya miaka sita.

Wafungwa wa huko walikuwa na msemo kwamba njia za kutoka ni tatu: kumaliza kifungo, kuchongea, au kufa. Kuchongea ndiko kulikokuwa njia rasmi. Ukae na maofisa, useme kila unachokijua kuhusu genge: majina, vyeo, nani aliamuru nini.

Yafikirie hayo kwa akili ya aliye ndani. Kwanza, anayechongea anajulikana, na hatari haimwishii yeye, inawafuata ndugu zake hadi nyumbani. Pili, na hili nililiona kwa macho yangu kwa sababu nasi tulikuwa na utaratibu kama huo, mwenye siri nyingi ndiye mwenye cha kuuza. Kijana wa seli ya nane nilimpeleka mwenyewe kwenye chumba cha mahojiano, mara mbili. Mara ya pili alikuwa ameshachoka kiasi cha kuwa tayari kusema lolote. Akataja majina manne, na yote manne tulikuwa nayo tangu zamani. Ofisa akamuuliza, "Kingine?" Kijana akanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye ningemkumbusha. "Afande, kingine ni kipi?" Kwenye faili ikaandikwa: hashirikiani. Akarudi ndani kwa sababu hakuwa na la kusaliti.

Mwaka 1995 Jaji Thelton Henderson, akiamua kesi ya Pelican Bay, aliandika kwamba kumweka mgonjwa wa akili mahali pale ni sawa na kumweka mwenye pumu mahali penye hewa kidogo. Nimeusoma mfano ule mara nyingi. Kitu kimoja tu ningeongeza: niliona watu walioingia bila pumu wakaipata humo ndani.

Bloku ya kutengwa ina sauti zake. Wageni hutarajia ukimya, kumbe kuna kelele usiku kucha. Mmoja anapiga mlango kwa kiganja, pigo moja kila baada ya muda, kwa saa nne. Mwingine anahutubia. Kuna aliyekuwa akihesabu kwa sauti matofali ya ukuta wake, akifika mwisho anaanza upya, na akikosea analia. Chakula kinapita kwenye kidirisha cha mlango. Unaweka sahani, mkono unatoka, unaichukua. Nilijifunza kuwatambua watu kwa mikono yao. Mkono wa seli ya nane ulikuwa ukisubiri nje kabla sijafika, vidole vimenyooka, na nilipoweka sahani ulichelewa kidogo kurudi ndani, ili vidole vyake viguse vyangu. Nilikwepa mwanzoni. Baadaye niliacha kukwepa, ingawa kanuni ilikataza.

Na walicheza drafti. Kila mmoja alichora ubao wake kwenye karatasi, visanduku akavipa namba, moja hadi thelathini na mbili, kete akazitengeneza kwa karatasi iliyolowekwa na kufinyangwa. Kisha wakaitana kupitia tundu la hewa. "Kumi na moja, kumi na tano." Kimya kirefu. "Ishirini na tatu, kumi na tisa." Mchezo mmoja uliweza kuchukua siku mbili. Wa seli ya nane alicheza na mzee wa seli ya tatu, ambaye kwenye faili zetu alikuwa mtu wa genge la upande wa pili, genge ambalo tuliambiwa tusiwaache watu wake wakutane na wale hata kwenye ngazi. Hawakuwahi kuonana sura. Kwa miezi mingi mmoja alikuwa sauti kwa mwenzake.

Huko Pelican Bay lilitokea jambo kama hilo kwa ukubwa ambao haukutarajiwa. Wakuu wa gereza waliwakusanya wale waliodhaniwa kuwa viongozi kwenye ujia mmoja mfupi: weupe, weusi, Walatino wa kaskazini na wa kusini, watu ambao magenge yao yamekuwa yakiuana tangu miaka ya 1960. Wakaanza kuzungumza kupitia milango. Mwaka 2011 waligoma kula. Wakati huo zaidi ya watu 500 walikuwa wametengwa humo kwa zaidi ya miaka kumi, na 78 kati yao kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2012 walitoa tamko la kusimamisha uhasama kati ya makundi katika magereza yote ya jimbo. Julai 2013 waligoma tena, na siku ya kwanza wafungwa wapatao 30,000 walikataa chakula. Septemba 2015, katika kesi ya Ashker, mmoja wa wafungwa hao, jimbo likakubali kwamba mtu hatatengwa tena kwa kuwa tu ni mwanagenge, bali kwa kosa alilothibitishwa kulitenda, na kwa muda unaojulikana. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Mandela, zinazokataza kumtenga mtu saa 22 au zaidi kwa siku kwa zaidi ya siku 15 mfululizo.

Kuna watakaosema kwamba tamko lile lilikuwa ujanja wa majambazi waliotaka kutoka. Huenda kuna waliokuwa hivyo. Lakini mwenye kutaka kutoka kwa kuahidi amani ni mtu unayeweza kufanya naye kazi; mtake athibitishe siku hadi siku. Asiye na cha kutarajia hana sababu hata ya kukudanganya.

Brazil wanatuonyesha upande mwingine, na huu ndio unaonitisha zaidi. Oktoba 1992 polisi waliingia gereza la Carandiru mjini São Paulo kuzima ghasia, wakaua wafungwa 111. Agosti mwaka uliofuata, kwenye gereza la Taubaté, mahali pa adhabu palipojulikana kwa kutenga watu kwa ukali, wafungwa wachache walianzisha chama wakisema wamechoka kuuawa. Chama hicho ndicho kilichokuwa genge la PCC. Katika miaka iliyofuata viongozi wake walihamishwa gereza hadi gereza ili kuwavunja nguvu, na kila walikohamishiwa walipanda mbegu. Februari 2001 magereza 29 ya jimbo lile yaliasi siku moja. Serikali ikaunda utaratibu mkali zaidi wa kutenga. Mei 2006, mamia ya watu wa PCC walipohamishiwa kwenye gereza moja la mbali, moto uliwaka hadi mitaani, na jiji zima likasimama. Leo PCC inavuka mipaka ya nchi. Ilizaliwa mahali ambapo dola ilikuwa na nguvu zote juu ya mtu na haikumpa usalama wowote.

Nilipokuwa kazini sikuijua historia hiyo. Nilichokijua ni mama wa kijana wa seli ya nane. Alikuja kila mwezi mwanzoni, akiongea na mwanawe kupitia kioo, kisha safari zikapungua kwa kuwa nauli ni nauli. Siku moja getini alinishika mkono wa shati. "Mwanangu, yule bado anacheka?" Nikamwambia ndiyo, na haikuwa kweli. Kisha akanieleza, bila kujua anamweleza nani, kwamba kuna vijana wanampelekea chochote kila mwisho wa mwezi, marafiki wa mwanawe, Mungu awabariki. Nilisimama pale nikiwa na sare yangu. Mimi nilikuwa nimemkatia mwanawe kila uzi: simu, shule ya ufundi, kumgusa mama yake. Uzi mmoja sikuweza kuukata, na ndio ule niliokuwa nimesema kwenye fomu kwamba ninaukata.

Mississippi walijaribu kurudi nyuma. Kitengo cha 32 cha gereza la Parchman kilikuwa na takriban watu 1,000 waliofungiwa, na mwaka 2007 kulikuwa na mauaji humo humo ndani ya kutengwa. Badala ya kukaza zaidi, walikaa na faili moja baada ya nyingine wakiuliza huyu yuko hapa kwa sababu gani hasa. Wengi hawakuwa na sababu inayoshikika. Wakawatoa kwa hatua, wakawarudishia kula pamoja, uwanja wa mpira, masomo. Waliobaki wametengwa walifika takriban 150, na vurugu zikapungua badala ya kuongezeka. Mwaka 2010 kitengo kikafungwa. Kamishna aliyesimamia kazi hiyo, Christopher Epps, baadaye alihukumiwa kifungo kwa rushwa, na wapo wanaotumia hilo kuikataa kazi yote. Mimi siikatai. Walioacha kuuana waliacha kuuana.

Colorado wao walilipia bei nyingine. Tom Clements, mkuu wa magereza wa jimbo aliyekuwa akijitahidi kupunguza kutenga watu, aliuawa kwa risasi mlangoni kwake Machi 2013. Aliyemuua alikuwa mwanagenge aliyetolewa kwenye seli ya kutengwa moja kwa moja hadi mtaani. Aliyemrithi, Rick Raemisch, alilala kwenye seli ya namna ile ili aijue, kisha akaendelea na kazi ya Clements. Ninamheshimu kwa hilo. Ingekuwa rahisi sana kufanya kinyume chake.

Wakiniuliza leo nifanye nini na genge gerezani, nasema anza na usiku. Weka askari wa kutosha wanaojua majina ya watu, ili mgeni asihitaji sabuni ya mtu. Lipa wafungwa kitu kwa kazi yao na wauzie vitu vya duka kwa bei ya kweli, deni litapungua, na deni ndilo mkono wa genge. Anayechoma mtu atengwe, kwa kosa hilo, baada ya kusikilizwa, kwa siku zilizoandikwa mlangoni. Huko aliko aongee na watu kila siku, na arudi kwa hatua. Anayetaka kuacha genge aache kwa mwenendo wake, bila kudaiwa majina. Maneno yake ya siri yakija yenyewe, vizuri, lakini yasiwe ndiyo tiketi. Na fomu yenye shahidi asiye na jina irudishwe kwa aliyeiandika. Kama ingekuwa hivyo, yangu ingerudi.

Kijana alikaa miezi kumi na minne. Alikuja mkuu mpya wa gereza, akaagiza mafaili yote yapitiwe, na lake lilipofunguliwa halikuchukua dakika tano. Mzee wa seli ya tatu alitoka wiki ileile. Nilikuwa zamu siku walipokutana kwenye ukumbi wa mchana. Kijana alikuwa amesimama ameegemea ukuta, maana katikati ya ukumbi hakuweza. Mzee akapita, akamsikia akimjibu mtu, akasimama.

"Nane?"

"Naam, mzee."

Walitazamana muda mrefu. Kulikuwa na ubao wa drafti mezani, wa mbao, na kete za kweli. Kijana aliivuta benchi hadi mgongo wake ukagusa ukuta, akaketi. Zamu yake ilipofika hakunyoosha mkono. Alitazama ubao akasema, "Kumi na moja, kumi na tano." Mzee hakumuuliza kitu. Aliisogeza kete ya kijana, kisha akataja namba za kwake kwa sauti, akasogeza na ya kwake. Wakaenda hivyo, mmoja akisema, mwingine akisogeza za wote wawili, mpaka kengele ya kuhesabiwa ikalia. Mzee akanitazama. Nikawahesabu hapohapo walipokaa.